Daftari la Pampu Namba Tatu

Jumapili ya mwisho wa mwezi, barabara ya Kange ikiwa bado na umande,
wanakuja kwangu wajaziwe hadi mdomo,
hadi petroli imete kooni mwa tangi.
Kisha naandika: jina, chombo, umri.
Umri niliuongeza mwenyewe. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Ngoda, Boksa ya mjomba wake, kumi na tisa.
Zawena, Vitz yenye mlango mmoja mwekundu, ishirini na mbili.
Bi Rukiya Shekue, Starlet ya marehemu, sitini na sita.
Singano, Corolla kuukuu, sabini na moja.

Wanakwenda Segera na kurudi, halafu nawajazia tena.
Aliyerudi na kiu ndogo kuliko wote
ananunuliwa machungwa ya Muheza, basi.

Ngoda hulala kifudifudi juu ya tangi
kama mtoto mgongoni mwa mama.
Upepo, ananiambia, unakunywa kuliko injini.
Zawena kaacha tairi la akiba, kaacha mkoba,
kaacha hata kitabu cha uuguzi: "Mifupa mia mbili na sita, dada,
unadhani haina uzito?"
Bi Rukiya aliishika sukani akiwa na sitini na moja,
eda ilipokwisha. Anakwenda hamsini na tano, hazidi.
Malori ya saruji yanampigia honi nyuma,
naye anainua kiganja, kama anayesalimia wageni wa harusi.
Singano aliendesha treni. Breki kwake ni aibu:
umenunua mwendo, anasema, halafu unautupa barabarani?
Mteremko wa Mkanyageni ukianza, anaondoa mguu
na kuiacha gari ikumbuke ilikotoka.

Haba na haba hujaza kibaba, tulifundishwa.
Hawa wanaisoma kinyumenyume: haba na haba
ndiyo isiyotoka tangini.

Juzi nilifunua kurasa za miaka miwili.
Kumi na tisa, ishirini na moja, ishirini na mbili,
sitini na sita, sabini na moja, sitini na tisa.
Katikati, peupe.
Wa thelathini na nane hayupo. Wa arobaini na tatu hayupo.
Lakini nawajua! Wanakuja Jumatatu, pampu namba moja,
injini ikinguruma, mtoto nyuma ana uji kwenye shati la shule,
"weka ya elfu kumi, fanya upesi,"
wanaondoka matairi yakilia
na kufunga breki pale pale, kwenye tuta.

Nilimuuliza Singano kwa nini.
Akasema, "Mimi kwa umri wako sikuwa na gari,"
akaenda kupima upepo wa matairi.
Zawena ndiye aliyejibu, bila kuniangalia:
"Watu wa rika lenu mnaogopa kupigiwa honi."

Nikaazima Probox ya kaka. Muheza tu, na kurudi.
Sijavuka Pongwe, lori likanipigia,
na mguu ukakanyaga wenyewe,
kama mkono unavyotoka kwenye sufuria ya moto.
Mara ya pili pia. Mara ya tatu
nilimwinulia kiganja, vibaya, kama ninayefukuza nzi.

Nikirudi, baada ya Ngomeni, nikaondoa mguu.
Nikasikia kokoto iliyonasa kwenye tairi.
Nikasikia funguo zikigongana.
Mistari ya mkonge ikapita mmoja mmoja,
kama meno ya kitana kwenye nywele zisizo na haraka,
na gari ikaenda, ikaenda, hakuna aliyeisukuma.

Kange. Pampu namba tatu. Ngoda alinijazia yeye,
akachukua na kalamu.
Mwanaashura, Probox. Umri?
Nikakohoa kwanza. Arobaini na mbili.
Lita nne na pointi tatu.
"Dada, kwa hizi Singano angefika Segera
na kuanza safari ya kurudi!"
Cheka, nikamwambia, lakini hiyo pointi iandike vizuri,
isije ikasomeka arobaini na tatu.