Pasipoti Saizi

Jumatatu hadi Jumamosi napiga nyuso.
Pazia la bluu, stuli yenye mguu mmoja mfupi.
"Kidevu juu kidogo, mzee. Masikio yaonekane."
Watumishi waliohamishwa, wanafunzi wa chuo,
wote macho mbele, wote nakala nne,
taa kushoto, taa kulia, zikifuta vivuli
mpaka mtu abaki bapa kama chapati.

Jumapili nakwenda Mpunguzi, kwa dada,
kwenye ekari yake ya zabibu,
nikapige magoti.

Huku jua halina adabu.
Saa nne tu limeshamkalia mdudu mgongoni
likiwaka kama bati jipya:
juu kweupe pe, chini kweusi ti,
katikati hakuna cha kusoma.
Ndiyo maana tunatoka saa kumi na mbili,
baridi ya Juni ikiwa bado imewafunga miguu,
na mwanga ungali mchanga, haujaota meno.

Nyemo, binti wa dada, miaka tisa,
ananishikia kipande cha sandarusi nyeupe
nilichokata kwenye mfuko wa sukari.
"Sogea. Siyo hivyo. Kuwa wingu."
Anakuwa wingu.
(Dodoma, mwezi wa sita, wingu ni kazi ya kuajiriwa.)

Upepo ndio mwenye shamba.
Jani likicheza nusu inchi, ninyi mtasema limetulia;
kwenye lenzi yangu ya mtumba ni tetemeko la ardhi.
Viwiko kwenye udongo mwekundu. Pumzi nimeibana.
Sehemu inayotoka kali haizidi unene wa ukucha:
nikichagua jicho, mguu unazama kwenye ukungu,
nikichagua mguu, nimepiga kijiti.

Nachagua jicho.

Vunjajungu yuko kwenye kikono cha mzabibu.
Bibi alituonya: ukimgusa,
mwaka huo vyungu vya nyumba hiyo vitakwisha.
Simgusi. Nashuka mpaka uso wangu ulingane na wake,
na mbele yake naacha pengo,
theluthi mbili za picha, anga tu,
maana anayetazama anahitaji mahali pa kutazama.

Hilo nilifunzwa na Mama Sogodi.
Alikuja na pasipoti ya marehemu mumewe,
nimkuzie picha ya kuweka juu ya jeneza.
Nikamkuza. Akajaa fremu, sikio hadi sikio,
hana pa kwenda.
Mama akaishika muda mrefu, akalipa,
akasema tu, "Umembana."

Ndani ya jicho la vunjajungu kuna kinukta cheusi.
Nikienda kushoto, kinanifuata.
Kulia, kinanifuata.
"Anakuona, mama mdogo."
Siyo mboni, namwambia. Pale ni mahali
ambapo mwanga umeingia moja kwa moja
na haukupata sababu ya kurudi.
Nyemo anafikiri. Sandarusi inalegea,
kivuli kigumu kinapita shingoni mwa mdudu.
"Basi si ndiyo anakuona?"

Sina jibu. Wingu linanyooka tena.
Nabonyeza.

Kesho shemeji anapuliza dawa.
Bomba limeshaoshwa, limeegemezwa ukutani
karibu na mlango tunaoingilia kunywa chai.
Hakuna aliyelitaja.

Jumatatu, kabla ya foleni, nachapa.
Anga la Mpunguzi limetoka bluu ile ile
ya pazia langu, sikuipanga.
Nakuza jicho. Pembeni mwa ule weusi
kuna kidoa cheupe chenye pembe nne,
na chini yake, kama sijidanganyi,
vidole viwili vya mtoto.

Nachukua mkasi wa pasipoti,
nausimamisha kwenye ukingo wa uso.
Naurudisha kwenye kopo.

Nakala nne, kama kanuni inavyotaka,
kila moja na anga lake zima.
Masikio hayaonekani.
Nimeipitisha.