Kumi na Moja kwa Hamsini

Jumatano, saa kumi, Hombolo. Upepo wa Julai
unafunua daftari kabla sijamaliza kusahihisha.
Miaka tisa nafundisha nyenzo darasa la saba:
egemeo, jitihada, mzigo.
Chaki imenikaa kwenye kucha.
Mimi mwenyewe nikipiga mpira napiga kwa ncha ya kidole,
na kidole hakilali usiku.

Daftari la juu ni la Sechelela Ndahani.
Kumi na moja kwa hamsini.
Wenzo ni nini? Amejibu kwa mwandiko uliolala:
"Wenzo ni kitu cha wenzetu."
Nikacheka. Nikamkata alama.

Nje, ndiye huyo.
Amevua kandambili, ameutua mpira wenye viraka vitatu
juu ya kichuguu cha vumbi alichokipapasa kwa kiganja,
taratibu, kama anamlaza mtoto wa mwenzake.
Mpira haufiki nusu kilo ya sukari.
Hatua nne nyuma, moja pembeni.
Yoeli yuko golini, kati ya fito mbili zisizolingana.

Anakuja.

Mguu wa kushoto unatua kando ya mpira, shubiri moja,
vidole vinauma ardhi.
Mji wetu, wanasema, ulipewa jina na tembo aliyedidimia;
mguu huu haudidimii. Ndio egemeo.
Mimi egemeo nililichora ubaoni, pembetatu, kwa rula.
Halikuwa na jasho.

Mkono wa kushoto unafunguka kama mlango.
Nyonga ya kulia inabaki nyuma,
na kutoka mbavuni hadi kinenani mwili wote ni upote
uliovutwa.
Kisha unaachiwa.
Paja linatangulia, goti bado limekunjwa,
kisigino kidogo tu kigonge kalio,
na pale ninapotarajia paja liongeze kasi
linapunguza.
Linasita!
Mwendo wake wote, uliokosa pa kwenda,
unamwagikia kwenye ugoko.
Msuli wa vichwa vinne unavuta kilegesambwa,
kilegesambwa kano, kano ugoko,
kifundo kimekazwa kama mpini uliopigiwa kabari,
na mguu unafika.

Hapo ndipo sioni kitu.
Wanagusana kama sehemu moja ya mia ya sekunde,
kope haijaanza safari.
Ndani ya hapo mpira unabonyea ubavu,
unakumbuka uduara wake,
unaondoka.
Sauti inanikuta dirishani imechelewa: pu.
Na nyuma ya paja, nyama ambazo hakuna anayezisifu
zinafunga breki, goti lisije likapitiliza.

Ameugusa upande wa kulia, kwa hiyo unazunguka.
Unaisukuma hewa kulia;
hewa, isiyopenda kudaiwa, inausukuma kushoto.
Yoeli anaruka kwenda ulikokuwa unaelekea.
Mpira umeshabadili nia,
umepita kati ya fito, umeruka ua wa minyaa,
umetua kwenye zabibu za watu.

Nikatoka.
"Umefanyaje?"
Alikuwa ananyanyua mguu, anatafuta mwiba.
"Napura tu, mwalimu."
"Unapura?"
"Kama uwele. Ukipura, mkono hauendi mpaka chini.
Mkono unasimama. Fimbo inaendelea."
Akaupata mwiba, akautupa.

Mpira nikaufuata mimi,
nikiinama chini ya mizabibu iliyopogolewa,
kalamu nyekundu mfukoni, utomvu wa minyaa mkononi,
nikijaribu, kwa kuwa hakuna aliyeniona,
kusimamisha paja hewani ili ugoko uendelee.
Nikakanyaga mfereji.

Alama sikuzibadilisha. Jibu lilikuwa kosa.
Ila chini yake nikaandika swali jingine:
Fimbo ya kupuria, egemeo lake liko wapi?
Begani, kiwikoni, au kwenye kiganja?
Kisha nikakaa na daftari wazi,
maana kusema kweli
nami sina hakika.