Mkato Uliomezwa

Alhamisi, saa nne asubuhi, simu kutoka tishalini.
Tórálvur hakusalimu. Alisema tu:
"Punje zinamwagika kama mvua ya mawe,
na samoni wameshiba, wamezipa mgongo."
Alikuwa ameandika 2,5
kama alivyofundishwa shuleni Klaksvík,
kama mama yake anavyoandika bei ya siagi.
Programu yangu haikuujua mkato.
Iliumeza kimyakimya, ikabakiza ishirini na tano,
ikamwonyesha alama ya vema, ya kijani.

Kijani kile ni changu.
Nilikijaribu kwenye skrini tatu ili kipendeze.

Visanduku sitini na vitatu vya kujazwa:
joto la maji, oksijeni, uzito wa samaki, kasi ya mkondo,
na kimoja ambacho hakuna anayekumbuka ni cha nini
ila sote tunaogopa kukifuta.
Eyðbjørn, na soksi zake za sufu juu ya meza,
akasema: kila kisanduku kiwe na bawabu wake.
Tukaajiri mabawabu. Walifanya kazi.
Hii ni namba. Hii haizidi thelathini. Hii si tupu.
Joto likapita. Lishe ikapita. Oksijeni ikapita.
Lakini maji ya joto lile, yenye hewa haba ile,
samaki hapewi chakula kingi kile:
atakosa pumzi akiwa bado anasaga.
Kila kisanduku kilisema kweli,
ukurasa mzima ukadanganya.

Basi nikatafuta mshenga.
Visanduku visisemezane, nikaagiza;
kila kimoja kimnong'oneze yeye,
naye ajue la kumwambia nani.
Wiki mbili tulistarehe.
Kisha mshenga akanenepa: mistari mia nne,
mia tisa, elfu moja na mia mbili,
akawa mshenga anayekula mahari,
anayegawa vyumba, anayewapa watoto majina,
na ukimgusa ukosi nyumba nzima inatikisika.

Mvua ya visiwa hivi hainyeshi, inapiga ubavuni.
Usiku ule ilipiga dirisha hadi saa nane
nami nikichora mishale nyuma ya bahasha ya benki,
nikifuta, nikichora.
Nilikuwa nauliza nani alinde mlango.
Sikuuliza aliyeingia anageuka nini akishaingia.
Maana bawabu alikuwa akimkagua mgeni, akimpitisha,
kisha akimsahau; na ndani, chumba baada ya chumba,
mgeni yuleyule anaulizwa tena: wewe nani?
Au haulizwi. Ndivyo mkato ulivyokufa.

Sasa avue viatu palepale kizingitini.
Herufi ziingiapo ziwe kilo kwa dakika
au zisiingie kabisa.
Nyuma yake nikamweka mwashi:
anapokea jiwe kwa mpangilio wowote,
anavumilia ukuta nusu, hata wiki nzima,
ila hakabidhi ufunguo wa nyumba isiyo na paa.
Mashine ya kulisha haipewi rasimu.
Na zile sheria za jirani kwa jirani
nikazitoa tumboni mwa mshenga moja moja,
kila moja nikaipa jina ambalo mlisha samaki ataelewa:
*hewa ikipungua, chakula kipungue.*
Yeye nikamwachia kazi ya kufunua na kufunika visanduku.
Amekonda. Hajalalamika.

Eyðbjørn alikuwa ameandika, kwa rangi nyekundu: INGIZO BATILI.
Nikalifuta. Mtu aliye juu ya mawimbi
na glavu zilizolowa hadi kiwiko
usimwite batili.
Nikaandika: *Umeandika 2,5. Nimeelewa kilo mbili na nusu
kwa dakika. Ni hivyo?*

Jumatatu simu ikalia. Nikajiandaa kushukuriwa.
"Kitufe cha NDIYO," alisema Tórálvur,
"ni kidogo kuliko kidole changu."