Nyuma ya Risiti ya Luku

Orodha nimeiandika nyuma ya risiti ya luku
kwa kalamu inayokohoa wino:
prosesa, ubao mama, ramu mbili, diski, feni, kesi.
Laki tisa na nusu. Zamu yangu ya kikoba,
niliyoingoja tangu Mfungo Sita.

Hemedani anafuta kaunta kwa kiganja,
kisha anakifuta kiganja kwa shati.
Duka lake liko ngazi mbili juu, Mtaa wa Aggrey,
upana wa kitanda cha tano kwa sita.
"Dada, chukua kesi hii ya kioo. Ina taa saba.
Ukiiwasha usiku majirani watadhani una harusi."

Naitazama. Nzuri, sikatai.
Lakini mimi nachora ramani za nyumba za watu
Mbagala Kizuiani, chumba kimoja, dirisha linameza vumbi,
na Februari ya huku haina adabu:
saa nne usiku ukuta bado unakurudishia jua la mchana.
Kioo kitanipa nini?
Nataka kesi mbaya, nyeusi, yenye matundu kama chekeche,
na chujio nitakalolivua Jumamosi
nilifue pamoja na soksi.

Kwenye prosesa hatukugombana.
Imetoka kwenye ofisi iliyofungwa;
niliikagua kwa tochi ya simu
kama ninayetafuta chawa kichwani mwa mtoto.
Ramu nikazigonga kwa ukucha, sijui kwa nini.
Ndivyo mama alivyokuwa akichagua nazi.

Tukafika kwenye pawa.
Akatoa kiboksi cha elfu thelathini na tano.
"Kinatosha. Wote wanachukua hiki."
Nikakipima mkononi:
chepesi kama ahadi ya mwenye nyumba.

Nikaikumbuka ile kompyuta ya kwanza.
Umeme ulikatika, ukarudi na hasira zake,
mara moja,
mara mbili,
halafu harufu, kama nywele zilizoshikwa na pasi,
na nyumba ya Mzee Chambuso wa Kongowe,
vyumba vinne na baraza,
ikaungua kabla haijajengwa.
Hakunidai. Aliuliza tu:
"Hata choo?"
"Hata choo," nikamjibu.

Basi nikaanza kukata.
Kadi ya picha nikaipiga mstari, itakuja na zamu nyingine.
Diski kubwa nikaigeuza ndogo.
Nikamwambia, nipe ile nzito,
ile ya juu kabisa nyuma ya mafeni, isiyoulizwa na mtu.
Akapanda stuli, akashuka nayo kwa mikono miwili,
akaipuliza vumbi, akanitazama upya.
"Kumbe wewe fundi?"
"Hapana. Nimewahi kuungua."

Nimefika chini, boksi begani,
ndipo nikakumbuka gundi ya prosesa.
Nikapanda tena nikihema.
Alikuwa ameshaishika, ananingoja mlangoni,
hakutaka hela.

Ikiwaka leo usiku
nitaanza na choo.