Usiku wa Kwao

Saa sita ya usiku wao ni saa moja ya asubuhi yetu.
Nimeihesabu mara nne kwa vidole,
nisije nikachelewa bara zima.
Wenzangu wataomba Januari, vyuo kumi kumi.
Mimi nimeapa mapema, kwa kimoja.

Umoja, mita ya stima yanitolea jicho jekundu:
uniti mbili.
Mama amezima friji. "Andika.
Maziwa yakiganda tutakunywa mala."

Wanataka maneno mia sita hamsini: mimi ni nani.
Babu Nyamweya, siku ya mazishi yake,
hakupata hata mia mbili,
na alikuwa na ng'ombe, wajukuu na kesi ya mpaka.

Nimelelewa nikiambiwa chema chajiuza,
kibaya chajitembeza.
Basi nitazame ninavyojitembeza:
aya ya pili najisifu, ya tatu nafuta,
ya nne naitaja friji
kisha naona haya,
kama niliyeanika nguo za ndani za mama barabarani.

Saa kumi na mbili na nusu. Nabonyeza.
Kiduara kinazunguka, kinazunguka, kinatoweka.
Jibu ni Desemba.

Mama anafungua friji, anaonja maziwa.
"Bado," asema.