Sekunde Tano Kabla

Kinasa kipya kimekuja na unyevu ndani ya boksi,
chaneli nane, taa nane,
na kijitabu cha herufi ndogo kama mayai ya chawa.
Nimekipandisha juu ya kabati la chuma, ghorofa ya pili, bandarini Tanga;
chini ya dirisha tishari mbili zimefungwa ubavu kwa ubavu.
Nikakichomeka. Kikauliza maswali mawili tu:
nianze lini,
ninyamaze lini.

Jibu la mvivu: anza leo, usinyamaze.
Lakini diski ingejaa feni,
ingejaa kunguru wakigombea mfupa juu ya bati,
na Mwanakombo wa chai akidai pesa ya chapati tangu Jumanne.
Basi kila chaneli naijengea kizingiti;
sauti isiyoweza kukivuka, ilale nje.

Rubani wa meli, chaneli ya kwanza,
huongea kama mtu anayeita mbuzi ng'ambo ya mto.
Huyu hata kizingiti cha kiunoni atakiruka.
Lango kuu halina shida.
Winchi zinanguruma; nikapandisha, nikapandisha,
mpaka chuma kikabaki nje na mtu akaingia.
Ya nne ni Singano.

Singano wa boti ya kuvuta
huongea na ukosi wa shati lake.
Katikati ya sentensi husimama,
akatazama kamba, akatazama maji,
ndipo alete kitenzi.
Kijitabu kinasema: kimya cha sekunde tatu, rekodi ikatwe.
Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu.
Hawakusema ni sekunde ngapi.

Kinasa cha zamani kiliamka kwa kuchelewa,
kama mlinzi aliyetikiswa bega.
Siku ile ya Julai kamba ilikatwa ikiwa imekaza,
ikarudi kama mjeledi,
ikaondoka na vidole viwili vya Mbaruku.
Kamati ikaketi siku tatu. Ikaniambia, cheza.
Nikacheza.
"...kate kamba."
Cheza tena.
"...kate kamba."
Akate? Asikate?
Msimamizi wa tishari akaapia moja, Singano nyingine,
na mimi fundi nimeketi katikati yao
na silabi isiyokuwepo mkononi, kama chenji iliyopungua.
Mashine haikusema uongo. Ilichelewa kufungua mlango, basi.
Singano akapewa likizo ambayo hakuiomba,
akaziba pancha za baiskeli Barabara ya Kumi na Tano
miezi saba.

Hiki kipya kina tabia nyingine.
Hata kabla hakijaanza, kinasikiliza:
kinateka sekunde chache kiganjani, kinazimwaga, kinateka nyingine,
na sauti ikigusa kizingiti
zile za kiganjani ndizo zinazoandikwa kwanza.
Kiwandani waliweka mbili. Nimeweka tano.
Kimya cha Singano nimekipa kumi na mbili.
Bwana Kihiyo wa stoo anasema diski itajaa kabla ya mwezi kuisha.
Na ijae.

Saa nne asubuhi nikamwita redioni:
Singano, sema neno lolote, najaribu mtambo.
Kimya. Taa ya nne, giza.
Nikadhani hakusikia.
Kisha, chini chini, ukosini:
"Asikate."
Taa nyekundu.

Mchana akapanda ngazi, kofia kwapani, nikamchezea.
Pumzi kwanza,
maji yakigonga ubavu wa boti,
halafu *a*, halafu *si*, halafu vilivyobaki.
Hakusema kitu. Hakuniomba nirudie.
Rekodi ikaendelea kutembea bila mtu ndani yake,
sekunde ya sita, ya tisa, ya kumi na moja,
sote wawili tukiitazama ile mistari iliyolala,
mpaka ikajikata yenyewe.

"Na huu ukimya," akauliza, "nao umeingia?"
Umeingia. Ni wako.
"Na kunguru?"
Na kunguru.