Mpaka Mguu Upone

Fomu ya fidia ina nafasi ya mstari mmoja:
*Eleza jinsi ulivyolipata eneo.*
Mstari mmoja, urefu wa kidole changu cha kati.
Foleni imetoka nje, imeingia kwenye jua la Nala,
na kalamu ya afisa imefungwa uzi, isiibwe.

Naanza moyoni.
Babu wa babu yangu, Mihambo wa Lubigili,
aliondoka Unyanyembe na pembe begani
na pwani hakuiona.
Hapa, katikati ya mtama wa watu, funza walimla kidole,
kisha unyayo, kisha safari yote.
Msafara uliamka alfajiri, ukahesabu mizigo;
watu haukuwahesabu.
Walimwachia kibuyu cha maji na jembe moja la kwao,
ujira wa nusu njia.

Ndahani, mwenye shamba, alimkuta ameketi.
"Mbukwa," akasema.
"Mwangaluka," mgeni akajibu,
na kila mmoja akadhani mwenzake kasema jambo kubwa.
Ndahani akamwonyesha kipande cha kichanga,
kile ambacho hata mbuzi walikizunguka.
"Lima hapo. Mpaka mguu upone."

Hayo ndiyo maneno. Hakuna karatasi,
hakuna dole gumba kwenye wino.
Upande wetu husema jembe lile lilikuwa bei.
Upande wa Ndahani husema lilikuwa rehani.
Na Nyemo, binti Ndahani, aliyeolewa na mguu huo,
alisema lilikuwa jembe tu, na mpini wake ulimchubua.

Stakabadhi za kodi ninazo tatu, kwenye kopo la biskuti.
Ya Mjerumani inasema Mihambo.
Ya Mwingereza, Miyambo.
Ya tatu ni Hambo: ulikuwa mwaka wa Mtunya,
karani ana njaa, na herufi nazo zilikuwa zikipungua.
Kwa herufi hizo tumegawanyika.
Kina Hambo wako Manyoni, hawaji kwenye misiba yetu.

Lipo jambo ambalo halimo kwenye kopo.
Shangazi Sechelela aliniambia tukipepeta uwele,
baada ya kuutazama mlango kwanza.
Usiku mmoja fisi alibeba ndama.
Nyemo alichungulia kutoka kwenye tembe, akamwona mumewe
anakimbia. Kukimbia hasa,
miguu miwili mizima, vumbi limenyooka nyuma yake mbalamwezini.
Akarudi na ndama. Akafika uani, akasimama,
akavuta pumzi,
akaanza kuchechemea.

Nyemo akafunga mlango.
Asubuhi akamkanda ule mguu kwa mafuta ya nyonyo,
mbele ya kaka zake, kama jana,
na kama atakavyofanya miaka thelathini na minne mingine.

Watoto huiga. Baba alivuta mguu wa kushoto
na daktari wa Mvumi hakuona kitu.
Viatu vyangu huisha upande mmoja;
fundi Malogo hulijua pigo la kisigino changu kabla sijasalimia.

Sasa wamepanda bikoni ndani ya uwele.
Barabara itapita pale pale alipoketi.
Na Chilongani, kitukuu wa Ndahani, amekuja ofisini
amevaa koti la harusi ya mwanawe.
Hakugomba. Aliniuliza tu, polepole,
kama anayeulizia mgonjwa:
"Mguu unaendeleaje?"

Afisa anagonga meza.
"Mama, wenzako wanasubiri. Mlinunua, mlirithi, au mlipewa?"
Uzi wa kalamu ni mfupi, naandika nimeinama:
*Tulipewa. Muda haujaisha.*
Anasoma, ananitazama, anagonga muhuri wake wa zambarau.

Kutoka mezani hadi mlangoni ni hatua kumi na mbili.
Chilongani ameegemea mlango, macho yake yako chini,
yanasubiri miguu yangu.
Nasimama.
Naapa sijui
ni upi niutangulize.